Mwalimu Breki na Makosa ya Mashujaa

Mdogo wangu hajapata kumsamehe stelingi yeyote aliyepita taa nyekundu. Nasema stelingi, yaani yule mwenye filamu yake, ambaye akipigwa hafi na akidondoka kutoka ghorofa ya tisa anasimama, anajipangusa vumbi, anaendelea na safari. Watu wengine wakimwona huyo anapaa hewani na gari lake juu ya mto, wanapiga makofi. Mdogo wangu anafungua daftari, analamba ncha ya penseli, anaandika: hakutoa ishara.

Kazi yake ni kufundisha udereva, na ameifanya miaka thelathini na moja. Mji mzima unamwita Breki. Hata mke wake, wifi yangu, anamwita Breki. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki kumwita mdogo wangu, maana nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na mtu uliyembeba mgongoni humwiti jina la kipande cha gari.

Jina hilo alilipata kwa haki. Gari la shule ya udereva lina pedali ya pili ya breki upande wa abiria, ambako mwalimu hukaa. Mwanafunzi akiona hatari, mdogo wangu ameshakanyaga. Mwanafunzi asipoona hatari, mdogo wangu ameshakanyaga vilevile. Mguu huo sasa haupumziki. Wifi akitoka jikoni na sinia la vikombe kwa mwendo wa haraka, mume aliyekaa mezani anakandamiza sakafu kwa kisigino. Kiatu chake cha mguu ule kinaisha soli miezi minne kabla ya mwenzake.

Habari ya sinema ilianza miaka kumi na tano iliyopita, na aliyeianzisha ni fundi mmoja wa plasta aliyekuwa anajifunza gari. Fundi huyo alikata kona kwa kasi mpaka kapu la wifi lililokuwa kiti cha nyuma likamwaga nyanya zote. Mdogo wangu akamuuliza nani amemfundisha kona ya namna ile.

"Nimeiona kwenye filamu, mwalimu."

"Filamu gani? Nipeleke nikaione."

Wakaenda. Jumba lenyewe zamani lilikuwa ghala la mbao, na mpaka leo siku ya joto linanuka mbao. Viti vya chuma vimeungwa vinne vinne, ukijikuna wewe wanatikisika watatu. Pazia la picha lina kiraka kwenye kona ya juu, hivyo kila anayepita kona ile, awe mrembo awe jambazi, anapata kovu la shavuni la dakika moja. Mlinzi wa humo ni mzee mmoja mwembamba anayeitwa Tochi, kwa sababu ndicho chombo chake cha kazi: anakuonesha kiti kwa tochi, na ukipiga kelele anakumulika usoni mpaka unyamaze.

Mdogo wangu aliiangalia filamu ile ya kwanza akiwa amekunja mikono kifuani. Alipotoka alisema ni aibu kwa binadamu. Jumamosi iliyofuata alirudi kuhakikisha. Amekuwa akihakikisha kwa miaka kumi na tano.

Mwishowe akaifanya kuwa somo. Jumamosi saa tisa mchana anawapeleka wanafunzi wake, kila mmoja na daftari, wakae mstari wa tatu na wahesabu makosa. Hajali filamu inahusu nini. Bomu limetegwa, mtoto wa rais ametekwa, dunia inagongana na jua, hayo si ya daftari. La daftari ni kwamba stelingi ameingia garini hakufunga mkanda, hakuangalia kioo, na ameondoka na gia ya tatu. Filamu iliyoshika rekodi ilikuwa na makosa mia moja arobaini na tatu, na mdogo wangu analalamika hadi leo kwamba kuna kipande alipiga chafya.

Mimi huenda naye mara moja moja, kwa hiyo haya nayasema kama shahidi. Kuna mambo humtoa jasho. La kwanza ni dereva anayeongea na mwanamke aliyekaa pembeni yake huku amemgeuzia uso mzima. "Angalia shingo hiyo," atasema. "Nimehesabu mpaka kumi na nne hajaangalia mbele. Mtu huyu anaendesha kwa harufu." La pili ni usukani. Barabara imenyooka kama rula, lakini stelingi anauzungusha kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mtu anayepepeta. La tatu ni maegesho. Stelingi akifika mjini, mji wenye watu milioni kadhaa, nafasi ya kuegesha ipo mbele ya mlango anaotaka kuingia. "Hilo," husema mdogo wangu, "ndilo la kubuni kuliko yote. Mtu wa kuruka naweza kumkubali."

Ila hata hao wa kuruka yeye hawakubali. Siku moja ilioneshwa filamu ya shujaa aliyevaa nguo ya kubana, imembana mpaka unajua alichokula asubuhi, na mgongoni ana kitambaa kinachopepea. Akawa anapita kati ya majengo kama risasi. Kati ya wanafunzi alikuwepo muuguzi mmoja wa kliniki, msichana mwenye ulimi, akaweka penseli chini.

"Huyu hahusiki, mwalimu. Anaruka. Hahitaji leseni."

"Amepita chini ya waya za umeme. Amekata kona bila ishara. Huko juu nani mwenye haki ya kupita kwanza?"

"Yuko peke yake huko juu."

"Kila dereva mbaya anadhani yuko peke yake. Andika. Na hicho kitambaa kinamziba vioo."

"Hana vioo, mwalimu."

"Basi ndilo kosa la kwanza. Liandike juu kabisa."

Mwanga wa tochi ukaja ukasimama kwenye pua ya mdogo wangu. "Breki," akasema mzee Tochi, "wenzako wanataka kujua kama dunia itapona."

"Itapona. Ilipona wiki iliyopita."

Baadaye shujaa yule akalizuia basi lililokuwa linaporomoka kutoka darajani, akalishika kwa mkono mmoja. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mdogo wangu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Wanampongeza aliyelizuia basi. Hakuna anayemuuliza dereva breki zilikaguliwa lini."

Mtu anayempenda katika filamu zote ni muuza matunda. Umewahi kumwona, yule wa mkokoteni. Kila magari yakifukuzana lazima yapite kwenye machungwa yake. Mdogo wangu anasema huyo ndiye shujaa: amegongwa katika nchi thelathini, hana nguo ya kubana, na filamu ijayo utamkuta ameshayapanga upya. Na alama za juu kabisa alizowahi kumpa dereva wa filamu, themanini na nane kwa mia, alimpa mtu mbaya. Alikuwa jambazi wa koti la kijivu aliyetaka kuzamisha mji. Lakini alifunga mkanda, alitoa ishara, na akiwa njiani kwenda kuzamisha mji alisimama kumpisha bibi kizee avuke.

"Mwalimu, huyo ni muuaji," muuguzi akamwambia.

"Ni muuaji anayeendesha vizuri. Mimi sisahihishi roho."

Na mimi, kwa kuwa mnauliza, maoni yangu ni mafupi. Ngumi nazipenda, wale ni watu wazima wameamua wenyewe. Kinachonishangaza ni kwamba mashujaa hawana ndugu. Mtu ameokoa dunia mara tatu na hana hata shangazi wa kumuuliza kama amekula. Anarudi kwenye chumba cheupe, anatazama dirishani, basi. Ndiyo maana wana hasira vile.

Sasa tuje kwenye barua.

Ilifika mwanzoni mwa mwezi, kutoka ofisi ya ukaguzi wa madereva. Wifi ndiye aliyeifungua na ndiye aliyeisoma kwa sauti, mimi nikiwepo mezani. Ilisema kila mwalimu wa udereva aliyezidi miaka sitini atapimwa upya barabarani. Atakayefaulu atapewa kibali cha kufundisha miaka mitano. Atakayeshindwa atarudisha kibali siku hiyo hiyo, na hakuna kurudia. Mdogo wangu ana miaka sitini na nne.

Alicheka. Akaikunja barua mara nne, akaiweka mfukoni. "Nipimwe mimi? Nani wa kunipima? Nusu ya wakaguzi wale nimewafundisha mimi kufungua mlango."

Wifi hakucheka. Tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia polepole, "Wifi, mimi nampenda mdogo wako, Mungu anajua. Lakini akikaa nyumbani kutwa nzima ananikanyagia sakafu, mmoja wetu atahama. Na mimi nyumba hii nimeizoea."

Nilimwelewa. Ila mimi nilikuwa na hofu nyingine, ambayo yeye hakuwa nayo. Shule sikwenda zaidi ya ile ya msingi, lakini kusahau sikufundishwa. Niliketi nikarudisha nyuma mwaka mmoja mmoja, nikitafuta lini mara ya mwisho nilimwona mdogo wangu ameshika usukani. Nikaipata. Ilikuwa siku tuliyomhamisha mama kuja kukaa kwangu, na mama alifariki mwaka huo huo, sasa ni miaka kumi na tisa.

Toka hapo anaendeshwa. Asubuhi mwanafunzi wa kwanza anakuja kumchukua mlangoni, jioni wa mwisho anamrudisha. Akitaka kunyoa, kuna somo la kuegesha mbele ya kinyozi. Wifi akiwa na mzigo sokoni, kuna somo la kurudi nyuma. Tumekwenda mazishini katika somo la mwendo wa pole. Watu wanaona gari linapita na Breki ndani, wanasema Breki anaendesha. Breki amekaa upande wa abiria, mguu juu ya pedali yake.

Nikamwendea nikamwambia.

"Mdogo wangu, wewe huendeshi. Unaendeshwa."

"Dada, kuendesha kuko kichwani."

"Basi wakupime kichwa. Barua inasema barabarani."

"Samaki anafundishwa kuogelea?"

"Samaki aliyekaa kikaangoni miaka kumi na tisa, ndiyo."

Akasema ana kazi, akaondoka. Hakufanya mazoezi hata siku moja, kwa sababu gari ni moja na kila saa lilikuwa na mwanafunzi, na mbele ya mwanafunzi asingekubali kuhamia kiti kile. Jumamosi ya mwisho kabla ya mtihani akanipitia twende sinema. Ilikuwa filamu ya mtu anayeendesha lori la mafuta kupitia mji unaowaka moto, filamu iliyojaa makosa kama kichuguu kinavyojaa mchwa. Wanafunzi walikuwa wanaandika mpaka penseli zinapata moto. Nikatupa jicho kwenye daftari lake. Halikuwa na kitu.

"Huandiki?" nikamnong'oneza.

"Naangalia miguu yake."

"Hawaoneshi miguu."

"Ndiyo. Hawaoneshi." Kisha akasema bila kunitazama, "Dada, klachi za magari ya siku hizi, zinakamata juu au chini?"

Sikumtania. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mtihani ulikuwa Alhamisi asubuhi. Alitaka nimsindikize mimi, si wifi. "Yeye atanionea huruma," alisema. "Wewe hujawahi." Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono yake inasimama yenyewe.

Uwanja wa ukaguzi ni mahali pa vumbi na matairi yaliyopakwa chokaa. Kuna mapipa ya kuegeshea katikati, kuna kimlima cha saruji cha kupima klachi na breki ya mkono, na kuna benchi refu ukutani la wanaosubiri. Nilikaa mwisho wa benchi. Muuguzi wa kliniki alikuwepo, naye zamu yake ya kupimwa ilikuwa siku hiyo, na wanafunzi wengine wawili wa mdogo wangu. Walipomwona mwalimu wao wote watatu walisimama kama shuleni.

Mkaguzi akatoka ofisini na ubao wake wa kuandikia. Ni mtu mnene, mpole, na alijifunza gari kwa mdogo wangu alipokuwa na miaka ishirini. Jasho lilikuwa linamtoka yeye kuliko anayepimwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa. Unafunga mkanda kweli?"

"Nafunga, mwalimu."

Wakaelekea kwenye gari la ofisi, gari dogo jeupe. Na hapo ndipo niliona kwa macho yangu jambo ambalo ningesimuliwa nisingeamini. Miguu ya mdogo wangu, peke yake, bila kuulizana na kichwa kile chenye kuendesha kote, ikampeleka upande wa abiria. Akafungua mlango. Akakaa. Akafunga mkanda. Mkaguzi akabaki amesimama na ubao wake. Mdogo wangu akashusha kioo, akasema kwa sauti ile ya miaka thelathini na moja:

"Unangoja nini? Ingia. Mkanda. Vioo."

Na mkaguzi wa serikali, mwenye mke na watoto wanne, akaweka ubao kiti cha nyuma, akazunguka, akaingia upande wa usukani. Akafunga mkanda. Akaangalia vioo, vyote vitatu. Wakatoka getini kwa gia ya kwanza, vizuri sana.

Benchi zima liligeuza shingo kulifuata gari. Muuguzi akaniinamia.

"Shangazi, anayepimwa ni nani?"

"Kwa ninavyoona mimi, mwanangu, ni mkaguzi."

Yaliyotokea huko barabarani nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na habari zao zililingana, jambo ambalo kwa wanaume ni nadra. Walipita soko, walipita benki. Mdogo wangu alikuwa anasema: punguza, ishara, gia ya pili, usiibane klachi. Mkaguzi alikuwa anajibu: ndiyo, mwalimu. Alikuwa anaendesha kwa uangalifu ambao hakuwa nao tangu apate leseni. Hakuna kati yao aliyehisi kuna kasoro.

Karibu na shule akakatiza mwendesha baiskeli aliyefunga godoro nyuma, godoro limemzidi upana. Mdogo wangu akakanyaga. Mguu ukapiga sakafu tupu, pu. Mkaguzi akafunga breki mwenyewe, na godoro likapita salama. Kisha wote wawili wakatazama chini, kwenye kiatu.

"Hapa hakuna pedali," akasema mdogo wangu.

"Hakuna, mwalimu."

"Kwa nini hakuna?"

"Hili si gari la kufundishia. Ni la kupimia."

"Anapimwa nani?"

Mkaguzi akashika usukani kwa mikono miwili. Nyuma yao gari likapiga honi.

Walirudi polepole. Gari likasimama mbele ya kimlima, na hakuna aliyeshuka. Nikaona bora niende. Mzee nikisogea mahali hakuna anayenizuia, ndiyo faida pekee ya magoti haya. Nilipofika dirishani mkaguzi alikuwa anafuta uso kwa leso.

"Mwalimu, mimi nitaandika umefaulu," alikuwa anasema. "Nani asiyejua unavyoendesha? Nitakupa tisini. Hakuna aliyeona."

"Benchi zima limeona," nikasema.

"Wale wanafunzi wake, mama. Hawatasema."

Mdogo wangu alikuwa anatazama mbele, kwenye ile saruji. Nami nitakiri, sikuwa shujaa. Nilimfikiria wifi na sakafu yake. Nilimfikiria yeye asubuhi, amevaa, amekaa, hakuna anayekuja kumchukua. Nikaingiza kichwa dirishani.

"Kubali, mdogo wangu. Sema asante, shuka, twende nyumbani."

Mdogo wangu akafungua mkanda. Halafu akasema, "Dada, unajua kinachoniudhi kwenye zile filamu? Mwendo ningeweza kuusamehe. Wanavunja magari arobaini, wanamgonga yule wa machungwa, halafu filamu inaisha na hakuna aliyeandika kitu."

"Zile ni filamu."

"Miaka kumi na tano naandika mimi." Akamgeukia mkaguzi. "Ubao wako uko wapi? Andika ulichokiona."

"Nilichokiona ni mimi nikiendesha, mwalimu."

"Uliendesha vizuri, isipokuwa pale benki. Basi mtihani wangu haujaanza. Nitapanga foleni."

"Ukishindwa, mwalimu, nitachukua kibali. Sitaweza kurudi nyuma."

"Nimesoma barua."

Akashuka, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Mbele yake walikuwa watu saba. Wote wana miaka ishirini na kidogo, wanatafuna kucha, na sasa katikati yao ameketi Mwalimu Breki, anachezesha miguu kwenye vumbi: wa kushoto unapanda, wa kulia unashuka. Muuguzi alipoitwa hakujua amuage vipi, akamwambia, "Mwalimu, niombee." Mdogo wangu akamjibu, "Na wewe ukimaliza, niombee." Alirudi amefaulu, na badala ya kwenda nyumbani kutangaza, akaketi tena.

Zamu yake ilipofika akanipa mimi miwani ya kusomea, akapita mbele ya boneti. Hapo katikati nilimwona amesimama. Miguu ilikuwa inamvuta upande ule ule. Akaigeuza kama mtu anayegeuza punda, akaenda kwenye usukani.

Mkanda. Vioo. Akawasha. Gari likazima.

Akawasha tena. Gari likaruka hatua mbili mbele kama mbuzi aliyeshtuka, likazima. Hakuna aliyecheka, na kule kutocheka ndiko kulikoniumiza. Kisha yule kijana wa pembeni yangu, mwanafunzi wake, akasema chini chini, "Achia klachi taratibu, mwalimu." Muuguzi akasimama. "Taratibu," akasema. "Isikilize kwanza." Na benchi lote, pamoja na wasiomjua, likaanza kunong'ona taratibu, taratibu, mikono yao ikishuka hewani kama watu wanaobembeleza mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika miwani ya watu nusura niivunje.

Likatoka. Likapita getini kwa mwendo wa konokono mwenye adabu.

Walikaa huko dakika ishirini na tano. Waliporudi walipanda kimlima cha saruji, wakasimama katikati, maana hapo ndipo mtu anapimwa: asimame, aondoke, gari lisirudi nyuma. Lilirudi. Nililiona likirudi kiasi cha kiganja cha mkono, nikafumba macho. Nilipofumbua lilikuwa limekamata, linanguruma, linapanda. Akashuka upande wa pili, akaliingiza kati ya mapipa, hakugusa hata moja.

Nikaenda dirishani tena. Mkaguzi alijumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu. Alama za kufaulu ni sabini.

"Sabini na nne, mwalimu. Hongera."

Nikataka kumshukuru Mungu, lakini mdogo wangu alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba miwani. Akaisoma ile karatasi mstari kwa mstari.

"Hapa mlimani umenipa alama zote. Gari lilirudi."

"Kidogo tu, mwalimu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiganja."

"Kiganja ni alama mbili. Kata."

Mkaguzi akanitazama mimi. Nikatazama mapipa. Akakata. Sabini na mbili.

"Na kwenye makutano ya benki sikuangalia kioo cha kushoto."

"Hilo sikuliona."

"Ndiyo sababu nakuambia. Moja."

Akakata. Sabini na moja. Mdogo wangu akavuta pumzi, akaweka kidole kwenye mstari mwingine, na mimi nilimjua, nilijua anatafuta nini pale, angeendelea kujisahihisha mpaka chini ya sabini na angetoka humo ameridhika kabisa, hana kibali. "Halafu pale kwenye tuta la shule," akaanza.

"Mwalimu," akasema mkaguzi, na safari hii sauti ilikuwa ya mkaguzi, "anayepima ni mimi. Shuka garini. Nina watu wanangoja."

Mdogo wangu akamtazama. Nadhani alikuwa hajawahi kuambiwa shuka na mtu aliyejifunza kwake. Akafungua mkanda, akaangalia kioo cha pembeni kabla ya kufungua mlango, akashuka.

Nyumbani wifi alikuwa mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Mdogo wangu akampa karatasi bila neno. Aliisoma, akaifuta povu, akaisoma tena. Nikasubiri amkumbatie, au alie, maana wiki mbili alikuwa halali vizuri.

"Sabini na moja," akasema. "Na wewe humpeleki mtu kwenye mtihani mpaka apate themanini na tano."

"Najua."

"Angekuwa mwanafunzi wako ungemwambiaje?"

Mdogo wangu akafikiri kwa haki, kama anavyofikiri juu ya kila mtu. "Ningemwambia arudi Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla magari hayajawa mengi. Aje na viatu vya soli nyembamba, mguu uisikie klachi."

Wifi akaenda chumbani, akarudi na viatu vya turubai vya soli nyembamba anavyovaa mume wake bustanini, akaviweka mlangoni, vimeelekea nje.